Shamba la Juu na Shamba la Chini

Hotuba ya kamati ya maendeleo, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni waalikwa kwenye mkutano wa mwaka na harambee ya chama chetu, Dar es Salaam



Kila mwaka hotuba ya kamati huanza na shukrani na kuishia kwenye daftari la ahadi. Shukrani tunazo, na daftari lipo pale mezani linawasubiri. Lakini mwaka huu tumemwomba Mwenyekiti aturuhusu tuanze na jambo la aibu. Tusipolieleza, hamtaelewa fedha tunazoomba leo ni za nini.

Mnakumbuka kwamba miaka michache iliyopita chama hiki kilichangia ukarabati wa mradi wa maji ya mserereko kule nyumbani. Wengi wenu mlio ukumbini mlitoa. Tulinunua mabomba, tukajenga upya banio kwenye kijito, na maji yakarudi kutoka kwenye vituo vyote mpaka zahanati. Tulipiga picha, na picha ikawekwa kwenye kijitabu kama hiki mlichoshika.

Masika iliyopita, baada ya mvua kubwa ya usiku mmoja, banio lile lilijaa tope na mchanga. Maji yakakatika kijiji kizima. Zahanati ikarudi kuchotewa maji kwa ndoo, na akina mama wakarudi kijitoni alfajiri kama zamani. Bibi mmoja mwenye shamba la maharage chini kabisa, karibu na kijito, aliamka akakuta nusu ya shamba lake imefunikwa na udongo mwekundu na nusu nyingine imechukuliwa na maji.

Wiki hiyo tulikuwa na msiba nyumbani, kwa hiyo baadhi yetu wanakamati tulikuwapo. Asubuhi tulipanda mlima na vijana wachache kuangalia udongo ule umetoka wapi. Hatukwenda mbali. Ulikuwa umetoka kwenye shamba la mteremko wa juu, lililolimwa matuta marefu ya kushuka na mlima. Ngolo hata moja haikuwapo. Tukauliza shamba lile ni la nani. Vijana wakatazamana, mmoja akainamisha kichwa, akasema, "Si lenu, baba?"

Lilikuwa letu. Ni ardhi ya ukoo wa mmoja wa wajumbe wa kamati hii, aliyeondoka nyumbani miaka mingi iliyopita kuja kutafuta maisha mjini. Shamba hukodishwa msimu kwa msimu, fedha hutumwa kwa simu, na mwenyewe hajui limelimwaje. Tulipoendelea kuuliza habari za mashamba mengine ya juu upande ule wa mlima, majina yaliyotajwa tuliyafahamu karibu yote. Yamo kwenye orodha ya wanachama wa chama hiki.

Tulishuka kwa yule bibi kumpa pole. Hakutugombeza. Alitukaribisha, akatupa viti, kisha akasema, "Wanangu, bomba mlituletea, tukashukuru. Lakini mlima mmeuacha wazi."

Ndugu zangu, maneno hayo ndiyo hotuba yetu ya leo.

Tunaomba tuwaeleze kidogo vijana wetu waliozaliwa huku mijini, maana wengi wamesikia neno ngolo lakini hawajawahi kuona likifanyika. Sisi si kabila kubwa. Ukijitambulisha kuwa Mmatengo, mara nyingi mtu hukuuliza ni wapi huko, nawe unaanza kueleza: Mkoa wa Ruvuma, Mbinga, milimani, ukitazama magharibi unateremka kwenda Ziwa Nyasa. Lakini kuna jambo moja ambalo wataalamu wa udongo wametusafiria kutoka mbali kuja kuliona, nalo ni mashimo yale ambayo bibi zetu walichimba kwa majembe ya mkono.

Nyumbani kwetu mlima ni mkali. Mahali pengine mteremko ni wa kushika nyasi kwa mkono ili usiteleze. Mvua inaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, na ikinyesha inanyesha kweli. Mahali kama hapo, ukilima kama watu wa tambarare wanavyolima, miaka michache tu udongo wako utakuwa bondeni na wewe utabaki na mawe. Wazee wetu walilijua hilo, nao wakapata jibu lao.

Mwishoni mwa mvua, karibu na Machi, wanaume hufyeka nyasi kwenye shamba lililopumzishwa. Nyasi huachwa zikauke. Kisha hukusanywa na kupangwa chini kwa mistari, mingine ya kushuka na mlima na mingine ya kuukata, mpaka mteremko mzima unaonekana kama wavu wa mvuvi ulioanikwa. Kila jicho la wavu huo ni mraba wa kama mita 1.5 kila upande. Hapo ndipo akina mama huingia na majembe. Wanachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya zile nyasi, pande zote nne. Katikati panabaki shimo, na pembeni panakuwa na matuta yenye nyasi tumboni. Maharage hupandwa juu ya matuta. Yakishavunwa wakati wa kiangazi, mvua za mwisho wa mwaka zikirudi, mahindi hupandwa juu ya matuta yale yale. Magugu yanayopaliliwa hutupwa shimoni yaoze. Baadaye shamba hupumzika, nyasi huota tena, na zamu inayofuata wavu husogezwa: palipokuwa shimo, pamejaa udongo mzuri na mboji, hupitishwa tuta.

Mvua ikinyesha, kila tone linakuta shimo. Maji hutulia mle, huzama polepole, na udongo uliokuja nayo hubaki mle mle. Shimo moja likijaa na kufurika, lililo chini yake hupokea. Maji hayapati nafasi ya kukimbia, na maji yasiyokimbia hayabebi udongo. Nyasi nazo huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea ambayo hukuinunua dukani.

Sasa sikilizeni kwa makini jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelisahau. Ngolo hazimlindi anayezichimba peke yake, zinamlinda aliye chini yake. Na ngolo za aliye chini haziwezi kusimama ikiwa aliye juu hakuchimba. Yule bibi alikuwa amechimba vizuri, kila shimo mahali pake. Lakini mafuriko yaliyotoka kwenye shamba letu lisilo na shimo hata moja yalikuja kwa nguvu ambayo hakuna ngolo ingeweza kuizuia. Alifanya kazi yake yote, na bado alipoteza shamba kwa sababu ya watu walioko Dar es Salaam.

Zamani jambo hilo lisingetokea, na sababu yake ni namna ardhi ilivyokaliwa. Wazee hawakuhesabu ardhi kwa ekari. Walihesabu kwa ntambo. Ntambo ni kipande cha mlima kilichofungwa na mabonde ya vijito huku na huku, kuanzia mgongo wa mlima hadi chini kwenye maji. Ukoo mmoja ulikaa kwenye ntambo wake, babu na wanawe na wajukuu. Nyumba zilikuwamo, kahawa ilipokuja ikazunguka nyumba, ngolo zikafunika miteremko, na chini karibu na maji zikawa bustani. Aliyelima juu na aliyelima chini walikuwa ndugu wa damu. Jioni walikutana.

Na walikutana kwa chakula. Hapo tunafika kwenye sengu. Vijana, sengu haikuwa sherehe. Ilikuwa ni kula pamoja, kila siku. Kila mke alileta chakula alichopika, na wanaume wa ukoo, wazee kwa vijana, wakala pamoja mahali pa mzee wao. Mwenye mavuno mengi alikula na mwenye machache, na hakuna aliyejua tonge hili limetoka chungu gani. Pale pale kijana alifundishwa adabu, pale pale ugomvi ulisuluhishwa, na pale pale mtu aliulizwa mbele ya wenzake: mbona shamba la juu hujalichimba? Ukiulizwa hivyo huku umeshika tonge mkononi, kesho yake unakwenda kulichimba.

Historia nayo inatufundisha kwa nini mambo haya yalishikwa kwa nguvu kiasi hicho. Katikati ya karne ya 19 Wangoni walifika nchi ya Songea kutoka kusini. Majirani zetu hao leo ni wakwe zetu na marafiki zetu, na wengine tumeketi nao humu ukumbini, lakini wakati ule walikuja kwa mikuki. Watu wetu walisogea juu zaidi milimani, kwenye majabali na mapango, na kubanana kwenye eneo dogo. Watu waliobanana mlimani hawana ardhi ya kuchezea. Hawawezi kulima hapa mwaka huu na kuhamia msitu mwingine mwaka ujao. Ilibidi mteremko ule ule uwalishe, na uwalishe wajukuu wao pia. Watafiti wengi wanaona kwamba ndiyo maana ngolo zilishika mizizi kwetu kuliko mahali pengine popote.

Mkoloni alipokuja alizishangaa. Mwaka 1938 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala ya A. H. Pike juu ya namna Wamatengo wanavyohifadhi udongo. Kuanzia mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro, pamoja na wenzao kutoka Japani, walikuja Mbinga kujifunza. Mwaka 1999 chuo hicho kikaanzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini, na kazi yake ya mwanzo ilifanyika katika maeneo mawili: kwetu Umatengo na kwenye milima ya Uluguru. Kijiji cha Kindimba kilijenga mashine ya kusaga inayoendeshwa na maji katika kipindi hicho. Na neno walilolifufua kuwaunganisha wanakijiji lilikuwa lile lile la wazee wetu, sengu.

Tumetaja Uluguru, na tunaomba tuseme neno moja hapo. Mwaka 1955 Waluguru waligoma, na fujo zikatokea, kwa sababu serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi milimani. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walilazimishwa jambo ambalo halikutoka kwao, na lililowaongezea kazi bila kuwaongezea chakula. Sisi hatukulazimishwa na mtu. Hakuna bwana shamba wala bwana mkubwa aliyekuja na kiboko kutufundisha ngolo. Tulizirithi bure. Ingekuwa ajabu sana tuzipoteze bure vilevile.

Lakini ndiko tunakoelekea, na tuseme wazi tumefikaje.

Kahawa ilianza kupandwa kwetu miaka ya 1920, nayo ilitujenga. Karibu kila mwenye shahada humu ndani alisomeshwa na mibuni ya baba yake. Ushirika ulikuwa unakopesha pembejeo na kununua mazao, mzee alikuwa anajua Januari atalipa ada kwa nini. Katikati ya miaka ya 1990 soko la kahawa likafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, ushirika ukadhoofika, pembejeo zikawa za kununua kwa fedha taslimu, na bei ikapanda na kushuka bila mtu kuelewa. Wakati huo watu walikuwa wameongezeka na ntambo zilikuwa zimejaa. Koo nyingi ziligawanyika, wengine wakahamia kwenye misitu ya miombo upande wa mashariki kufungua mashamba mapya, na wengine, kama sisi, tukapanda basi.

Hatusemi kuondoka ilikuwa kosa. Tuliondoka kwa sababu, na tumerudisha mengi. Kosa ni kwamba tuliondoka na ardhi mfukoni. Shamba la juu lilibaki jina letu, na tukalikodisha. Na hapa tuwe wa haki kwa anayekodi. Tusimseme vibaya. Yeye amelipa kodi ya msimu mmoja. Ngolo ni kazi ya migongo ya watu wengi, na faida yake inakuja mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwa nini achimbe mashimo ambayo mwakani mwenye shamba atampa mtu mwingine? Analima matuta ya haraka, anavuna maharage yake, anakwenda. Ungekuwa wewe, ungefanya hivyo hivyo. Masharti mabaya ni yetu sisi tuliomkodisha.

Baada ya matanga, kabla hatujarudi mjini, tulijaribu kurekebisha. Tulichukua kipande kidogo cha lile shamba la juu, tukasema na sisi tuchimbe ngolo, damu ya Umatengo itatukumbusha. Damu haikutukumbusha chochote. Tulipanga nyasi, tukachimba, tukasimama kujipongeza. Akapita mama mmoja na mzigo wa kuni kichwani, akasimama, akaangalia, akacheka mpaka akautua mzigo. Mistari yetu ilikuwa imeinama upande mmoja, maji yote yangekimbilia pembe moja na kutoboa. Alichukua jembe la mmoja wetu, akachimba shimo moja taratibu akitueleza, akabeba kuni zake, akaenda. Shimo lile moja bado lipo. Yetu yalibomoka mvua iliyofuata.

Tukio hilo lilituchekesha, lakini usiku tulilifikiria kwa njia nyingine. Mama yule hakuwa kijana. Wanaojua kupanga wavu wa nyasi kwenye mteremko mkali, ukasimama, sasa ni watu wa umri wake na kuendelea. Vijana wengi pale kijijini wanajua kusimulia tu. Wakiondoka wale akina mama, hakuna kitabu kitakachotufundisha, hata vile vya watafiti. Kitabu kinaweza kukuambia upana wa shimo. Hakiwezi kukuambia, ukiwa umesimama pale mlimani, mstari uanzie wapi.

Tulipoleta jambo hili kwenye vikao vya matawi, tulipata maswali magumu. Tunaona ni heshima kuyajibu hapa mbele ya wote.

Swali la kwanza lilitoka kwa akina mama, na lilikuwa kali kuliko yote. Walisema: "Ninyi wanaume mnasifu ngolo kwa sababu hamkuzichimba. Baba alifyeka nyasi, akamaliza, akaenda zake. Mama aliinama wiki nzima na mtoto mgongoni. Mnataka kurudisha mateso hayo?" Kamati ilikaa kimya, maana ni kweli tupu. Kazi nzito ya ngolo iliangukia wanawake, na hatutakuja hapa kuiimba kana kwamba haikuwa na machozi. Jibu letu ni hili: katika mpango tunaouleta leo, uchimbaji unalipwa, na majembe watashika wanaume na wanawake sawasawa. Akina mama na bibi zetu wanaojua watalipwa kama walimu, si kama vibarua. Asili tunayotaka kuishika ni ule wavu mlimani. Mgawanyo wa kazi ulioumiza mama zetu tunaweza kuuacha, na mlima hautaona tofauti.

Swali la pili lilitoka kwa vijana: kwa nini tusitumie njia za kisasa, matuta ya kontua, miti, majani ya kuzuia udongo? Tunasema tumieni. Pale ambapo mteremko ni wa wastani, kontua inafaa. Miti mgongoni mwa mlima tunaitaka sana. Ngolo hazigombani na mti. Lakini kwenye miteremko mikali inayolimwa maharage na mahindi, hatujaona kinachoshika udongo na maji kwa jembe tu, bila mashine na bila mkopo, kama ngolo zinavyoshika.

Swali la tatu lilikuwa fupi: "Kwa nini tulipe mara mbili? Banio tulishalijenga." Hilo nalo ni swali la haki, kwa hiyo tunakiri. Kamati ilikosea. Tulinunua bomba bila kuangalia mlima. Tukijenga banio tena na kuacha miteremko ilivyo, tutakuja hapa kwa mara ya tatu na picha nyingine nzuri ya bomba jipya.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunaomba mambo matatu. Mchanganuo wa gharama uko ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, na mweka hazina yuko hapa kuulizwa.

Kwanza, kusafisha na kujenga upya banio, safari hii likiwa na chemba ya kutuliza mchanga kabla maji hayajaingia kwenye bomba, ili zahanati isikae tena siku moja bila maji. Mafundi ni wa kijiji. Mawe na mchanga wanakijiji wameshakubali kusomba wenyewe. Tunachotafuta ni saruji, nondo, mabomba na malipo ya mafundi.

Pili, kuchimba ngolo kwenye miteremko yote iliyo juu ya chanzo cha maji, kuanzia Machi ijayo nyasi zitakapofyekwa. Fedha itatumika kulipa wachimbaji, kulipa wale walimu wetu, na kununua mbegu ya maharage. Kipande kimoja kitakuwa karibu na shule ya msingi, ili watoto wafundishwe pale pale mlimani na bibi zao wenyewe. Tungependa mtoto wa darasa la saba ajue kupanga wavu kabla hajapanda basi. Akipanda, aondoke nao kichwani.

Tatu ni jambo ambalo halitafutwi kwenye pochi, na pengine ndilo litakalouma zaidi. Kwenye kijitabu hiki mtakuta fomu. Tunamwomba kila mwanachama mwenye ardhi ya mteremko nyumbani aijaze na kuitia sahihi leo. Inasema mambo mawili. Kwamba hatakodisha shamba la mteremko kwa msimu mmoja mmoja, bali kwa misimu isiyopungua minne mfululizo, ili anayekodi apate sababu ya kuchimba. Na kwamba anayechimba ngolo atapunguziwa kodi. Ndiyo, tutapata fedha kidogo kuliko tunazopata sasa. Wajumbe wa kamati tumeshatia sahihi wote, tukianza na yule ambaye shamba lake lilishuka usiku ule. Alitaka kuisoma hotuba hii mwenyewe. Tukaona isomwe na sisi sote, kwa sababu mlimani hakuwa peke yake.

Tunajua wapo watakaosema moyoni: mimi nina kishamba kidogo tu kule, nacho hakina madhara. Mlima hauhesabu hivyo. Shimo moja lililokosekana juu ndilo linalofungua njia, na maji hufuata mkondo.

Zamani mtu aliulizwa kwenye sengu huku amekaa na ndugu zake. Leo tumetawanyika. Wengine wako Songea, wengine hapa, wengine nje ya nchi, na yule bibi yuko peke yake chini kwenye kijito. Hakuna anayetuuliza jioni. Mkutano huu wa mara moja kwa mwaka ndiyo sengu tuliyobaki nayo. Kwa hiyo acheni tuulizane hapa, kabla chakula hakijaletwa: shamba la juu ni la nani, na limelimwaje?

Daftari la ahadi liko mezani, na fomu ziko pembeni yake. Kila mmoja alete alichopika, kikubwa kwa kidogo, tukiweke pamoja. Hatutasoma majina kwa kufuata ukubwa wa mchango. Tutasoma jumla, na mwakani tutasoma hesabu yote, shilingi kwa shilingi, mbele yenu.

Tulimwahidi yule bibi kwamba Machi ijayo atatuona mlimani na majembe. Akatuuliza kama tumeshajifunza kupanga nyasi. Tukamwambia bado, tutamwita aje atuonyeshe. Akasema, "Basi njooni mapema, asubuhi kuna baridi lakini mgongo una nguvu."

Tutakwenda mapema.